Kabla Ulipie Bora Bora, Uliza Mayotte

Chama chetu kina wasee sita, na tangu mwaka jana tunaweka ganji ya safari moja kubwa. Diani tumeenda. Zanzibar wengine wameenda mara mbili. Sasa tunadai kisiwa cha mbali, maji ya ile rangi ya kwenye simu, mahali watu wanaongea Kifaransa na hakuna mtu Noonkopir anashika wanachosema. Jina la kwanza kutajwa kwenye grupu lilikuwa Bora Bora. Kwa sababu mimi ndiye hutengeneza kontenti, kazi ya kutafuta habari ikaniangukia. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo watu hunichukua kama mtu mwenye muda mwingi. Sawa tu, muda ninao. Nilienda kutafuta bei za hoteli nikarudi na historia, na naona afadhali niwachanue na nyinyi, juu najua kuna chama kama chetu kila mtaa.

Tuanze na ramani. Chukua sindano uidunge dunia hapa Kitengela, ipite katikati mpaka itokee upande wa pili. Itatokea katikati ya bahari ya Pasifiki, na kati ya nchi kavu zilizo karibu na hapo ni visiwa vya Marquesas, ambavyo ni sehemu ya Polinesia ya Ufaransa. Bora Bora iko kwa serikali hiyo hiyo, na uwanja wake mkubwa wa ndege uko Tahiti. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 17,000. Ukienda mbali zaidi ya hapo, unaanza kurudi nyumbani.

Njia yenyewe ni stori. Unaenda Paris kwanza, halafu ndege nyingi za kutoka Paris kwenda Tahiti hutua Marekani njiani, na Marekani hata kupitia tu uwanja wa ndege Mkenya anahitaji viza. Halafu usidhani viza ya Schengen imemaliza kazi. Polinesia ya Ufaransa haiko ndani ya Schengen, kwa hivyo viza yako lazima iwe imeandikwa kwamba inafika huko. Kabla hujaona samaki hata mmoja, tayari umeombwa karatasi na nchi mbili kubwa.

Lakini ganji na viza si ndivyo vilinisimamisha. Kilichonisimamisha ni miaka miwili inayofuatana: 1966 na 1967.

Ufaransa ilianza kujaribu mabomu yake ya nyuklia hapa hapa Afrika, kwenye jangwa la Sahara huko Algeria, mwaka 1960. Algeria ikapata uhuru 1962, na Wafaransa wakajua lazima watafute pengine. Wakachagua visiwa viwili vya Polinesia, Moruroa na Fangataufa. Bomu la kwanza huko lililipuliwa Julai 1966. La mwisho lilikuwa Januari 1996. Kwa miaka hiyo 30 walilipua mara 193, na zaidi ya mara 40 ilikuwa hewani, kabla waanze kulipulia chini ya ardhi. Sheria ya kuwalipa fidia wagonjwa ilipitishwa Ufaransa mwaka 2010.

Sasa ile nyumba ya makuti iliyosimama juu ya maji, ile kila mtu anaweka kwenye ubao wake wa ndoto, ya kwanza ilijengwa na Wamarekani watatu kisiwa cha Raiatea, jirani kabisa wa Bora Bora, mwaka 1967. Bomu 1966, nyumba ya watalii 1967. Dunia ilionyeshwa moja na kufichwa nyingine, na mpaka leo ndiyo form. Sisemi watu wasiende. Nasema picha ya paradiso huwa ina fremu, na mtu fulani alichagua fremu ikatike wapi.

Hapo ndipo mmoja wetu, yule wa kazi ya EPZ, akaandika kwa grupu: "Si kuna Ufaransa nyingine hapa karibu?" Iko. Inaitwa Mayotte, na mtu wa Pwani akiisoma historia yake atajisikia nyumbani.

Kati ya Msumbiji na Madagaska kuna visiwa vinne vimepangana: Ngazija, Mwali, Anzwani na Mayotte, ambayo wenyewe huiita Maore. Kutoka Nairobi hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko Ngazija, ni kama kilomita 1,350. Ndege ikipaa JKIA, hujamaliza kutazama filamu na imeshaanza kushuka. Lugha yao, Shikomori, ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Watu wa isimu huziweka kwenye kundi moja linaloitwa Sabaki, pamoja na Kimijikenda na Kipokomo. Kwa hivyo kama una rafiki wa Kilifi au Tana River, lugha yake ni binamu ya ile. Watu wa visiwa hivi wameishi Zanzibar na Mombasa kwa vizazi, ndio wale tunaita Wangazija. Hata chama chao cha kudai uhuru, MOLINACO, kilizaliwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikaongozwa na Wakomoro waliokuwa wanaishi huko.

Visiwa vinne, dini moja, ukoo mmoja, lugha zinazosikizana. Lakini angalia viza. Komoro inakupa viza ukifika uwanja wa ndege, unalipa unaingia. Mayotte ni Ufaransa kamili, mkoa kama mikoa mingine ya kule Ulaya, inatumia yuro, na inataka viza yake, hata kama una ya Schengen mkononi. Kutoka Anzwani hadi Mayotte ni kama kilomita 70. Hiyo ni kama kutoka hapa Kitengela mpaka Kajiado mjini, halafu uendelee kidogo. Iliwezekanaje?

Ilianza na mkataba wa 1841. Mayotte ilikuwa chini ya mtawala aliyetoka Madagaska, Andriantsoly, mtu aliyezungukwa na maadui pande zote. Aliiuzia Ufaransa kisiwa kizima. Malipo yalikuwa piasta 1,000 kila mwaka za maisha yake, na watoto wake kusomeshwa kisiwa cha Réunion. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa 1886, miaka 45 baadaye. Hiyo miaka 45 iwekeni akilini, itarudi.

Kwa muda mrefu makao makuu ya wakoloni yalikuwa Mayotte, mji wa Dzaoudzi. Mwaka 1958 ikaamuliwa yahamie Moroni. Ofisi zikaenda, kazi zikaenda, wanaume wenye mishahara wakaenda. Mayotte ikabaki ikijihisi imeachwa, na waliokasirika zaidi walikuwa wanawake. Kiongozi wao mmoja alikuwa Zéna M'Déré. Silaha yao? Kutekenya. Mimi pia nilisoma mara mbili. Kiongozi kutoka Moroni akija kisiwani, wanawake wanamzunguka na kumtekenya mpaka anakimbilia chombo chake na kurudi alikotoka. Hakuna risasi, hakuna mawe. Na ukimshtaki mtu polisi utasema nini, kwamba ulitekenywa? Walichokuwa wanadai ni kubaki na Ufaransa, maana waliona Ufaransa ya mbali haitawatawala vibaya kama ndugu wa karibu.

Naandika hiyo sehemu polepole kwa sababu sisi vijana tunapenda stori ya mkoloni mbaya na wenyeji wazuri, tumemaliza. Hapa wenyeji wenyewe hawakukubaliana.

Tarehe 22 Desemba 1974 kukapigwa kura visiwa vyote vinne. Kwa jumla zaidi ya asilimia 90 walitaka uhuru. Mayotte pekee, zaidi ya asilimia 60 walikataa. Swali likawa moja: unahesabu kura za nchi nzima, au za kila kisiwa? Wakomoro walisema ni koloni moja, basi hesabu ni moja. Bunge la Ufaransa likaelekea kwenye hesabu ya kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah hakungoja. Tarehe 6 Julai 1975 akatangaza uhuru wa visiwa vinne. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro ikiwa na visiwa vinne. Februari 1976, azimio la kupinga kura ya peke yake ya Mayotte lilipofika Baraza la Usalama, Ufaransa ilitumia kura ya turufu kulizuia. Siku mbili baadaye Mayotte ikapiga kura na karibu wote wakachagua Ufaransa. Mpaka leo, kwa karatasi za Moroni na za Umoja wa Mataifa, Mayotte ni ya Komoro. Kwa maisha ya kila siku ni ya Paris.

Sasa mtu wa Mayotte wa 1976 anaweza kukwambia alichagua vizuri, na ana ushahidi. Hao jirani walipinduliwa kabla hata ya mwezi mmoja wa uhuru kuisha. Mwaka 1978 mamluki Mfaransa anaitwa Bob Denard alitua Ngazija na watu wake, akamwondoa Ali Soilih, na Soilih akauawa mwezi huo huo. Abdallah akarudishwa, na kwa miaka zaidi ya kumi Denard na wenzake ndio walikuwa nguvu nyuma ya kiti. Abdallah naye akapigwa risasi Novemba 1989. Denard akajaribu tena mapinduzi 1995, safari hii jeshi la Ufaransa likaja kumtoa. Kwa hivyo mtu wa Mayotte anatazama ng'ambo anasema, mnaona? Lakini jiulize pia mamluki wale walikuwa wanatoka nchi gani.

Halafu ikaja 1997, sehemu ya hii stori ambayo sijawahi kusikia ikitajwa mahali. Kisiwa cha Anzwani, kikiwa kimechoka na Moroni na kikiona maisha ya Mayotte, kilijitenga. Watu wakatembea barabarani na bendera za Ufaransa. Waliomba kutawaliwa tena. Ufaransa ikakataa. Yaani Mayotte ikisema inataka Ufaransa, hiyo ni sauti ya wananchi. Anzwani ikisema maneno hayo hayo, mlango umefungwa. Tofauti yao mbele ya Paris ilikuwa karatasi ya 1841 na miaka ile 45. Mambo ya Anzwani yaliendelea kusumbua mpaka Machi 2008, Umoja wa Afrika ulipotuma wanajeshi, wengi wao kutoka Tanzania na Sudan, wakamwondoa Mohamed Bacar aliyekuwa anakishikilia kisiwa. Alitorokea wapi? Kwa mashua, Mayotte.

Lakini Bacar alikuwa na bahati kufika. Mpaka Januari 1995, mtu wa Anzwani alikuwa anaenda Mayotte bila viza. Kutembelea shangazi, kuuza ndizi, kujifungua hospitali, kurudi. Kisha serikali ya Édouard Balladur ikaweka viza. Watu hawakuacha kuvuka, walianza kuvuka usiku, kwa mashua ndogo zinazoitwa kwasa kwasa. Ndiyo, ni lile jina la dansi ya Kikongo, mashua imepewa jina hilo kwa vile inavyotikisika kwa mawimbi. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya watu kati ya 7,000 na 10,000 waliokufa kwenye maji hayo tangu viza ianze. Kilomita 70. Watu wa lugha moja.

Hapo nilifunga simu nikatoka nje kidogo. Ukisimama kando ya barabara hapa Kitengela utaona matatu za Isinya, Kajiado na Namanga zikiita abiria mchana kutwa, na malori yanaelekea mpakani. Mpaka wa Namanga pia ulichorwa na watu wa mbali. Mwingereza na Mjerumani walikubaliana 1886, mwaka ule ule visiwa vitatu vya Komoro vilipochukuliwa, na mstari wao ukakata Maa katikati. Familia za Kajiado zina ndugu Longido na zina ndugu Monduli. Lakini leo mtu wa Kajiado akienda harusi ng'ambo anapita na pasipoti au kibali cha muda, na tangu 2018 Namanga kuna kituo kimoja cha pamoja ambapo maafisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja. Kero ziko, foleni ziko, ushuru unasumbua wafanyabiashara, hakuna anayekataa. Ila hakuna mama anazama kwa sababu alienda kumwona dadake. Mstari wa mkoloni unaweza kuwa foleni au unaweza kuwa kaburi. Hiyo huamuliwa na watu walio hai, waliokaa ofisini sasa hivi.

Na je, Mayotte ilipata ile Ufaransa iliyoipigania? Nusu nusu. Mwaka 2009 walipiga kura kuwa mkoa kamili, asilimia 95 wakakubali, na Machi 2011 ikawa. Shule zipo, hospitali ipo, mishahara ni mikubwa kuliko ya Moroni kwa mbali, na ndiyo maana watu wanavuka. Lakini kwa takwimu za Ufaransa yenyewe, asilimia 77 ya wakazi wako chini ya mstari wa umaskini wa nchi hiyo. Vilima vimejaa nyumba za mabati. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipita juu ya kisiwa, na mabati yale yakapeperuka kama karatasi. Wengi wa wanaoishi humo hawana karatasi, na mtu asiye na karatasi huogopa kwenda kwenye kituo cha kujikinga juu anafikiri ni mtego wa polisi.

Sasa turudi kwa chama. Najua kuna mtu anasoma hii akisema, buda, mimi nataka tu kuogelea. Poa. Mimi pia. Mayotte ina moja ya ziwa bahari kubwa zaidi duniani, limezungukwa na matumbawe, na ukirusha droni hapo video itaenda mbali. Ila maji utakayorekodi asubuhi ndiyo kwasa kwasa zilikuwa zinapita usiku. Unaweza kuyarekodi bila kusema chochote, hakuna sheria inakukataza. Lakini hiyo itakuwa ile ile kazi ya 1967, kuonyesha nyumba ya makuti na kuacha bomu nje ya fremu, na safari hii anayeshika kamera ni Mwafrika. Sisi ambao riziki yetu ni picha hatuwezi kujifanya hatujui fremu inafanya nini. Fomu ya viza ni ukurasa wa mwisho wa kitabu cha historia. Unaijaza jina na tarehe ya kuzaliwa, lakini maswali yake yaliandikwa na mikataba ya miaka 180 iliyopita.

Tulipiga kura wiki iliyopita. Wanne walichagua Moroni, wawili bado wanataka Mayotte, na hao wawili siwachukii, moja ya sababu zao ni nzuri: wanasema tukikwepa Mayotte tutakuwa tunaonyesha upande mmoja tu. Nimewaambia waanze kuulizia viza mapema, tuone itachukua muda gani na itakataliwa kwa sababu gani, hiyo pia ni kontenti.

Kwa walio na bajeti kama yetu, Komoro haina uchache. Kuna volkano ya Karthala, hai kabisa, zaidi ya mita 2,300 kwenda juu. Kuna mji mkongwe wa Moroni na msikiti wake wa Ijumaa wa miaka ya 1400, mtu aliyezoea Lamu atapotea humo akiwa na furaha. Kuna mbuga ya baharini ya Mwali ambapo kasa hupanda ufukweni kutaga. Kuna mashamba ya langilangi, lile ua linaloingia kwenye manukato ya gharama ya Paris. Na kuna timu ya taifa iliyoitwa jina la samaki wa kale, silakanti, ile iliyoifunga Ghana 3 kwa 2 Januari 2022 ikawatoa nje ya Kombe la Afrika. Wachezaji wengi wa timu ile walizaliwa Ufaransa, wazazi wao wakiwa wa visiwa hivi. Hata mpira wao una hii historia ndani.

Kifaransa jifunzeni kidogo, kitasaidia kwenye hoteli na ofisi. Lakini ukikwama sokoni, jaribu Kiswahili chako polepole, na sikiliza. Kule "marahaba" ni asante. Hapa kwetu tunaitumia kumjibu mtoto aliyetuamkia. Neno moja, pande mbili za bahari, na halijawahi kuombwa viza.

Tunaondoka mkono ukijaa. Mwenye ndugu Moroni au Mutsamudu, aniandikie, tunatafuta watu wa kuongea nao kabla ya watu wa kutupangisha vyumba.